Ndugu Wawili wa Macho ya Njano

Mteja ndiye aliyeona. Mdogo wangu ni kinyozi, kutwa nzima yuko mbele ya kioo, lakini anaangalia vichwa vya watu, chake hana habari nacho. Mteja akamwambia, "Kinyozi, mbona macho ya njano hivyo?" Mdogo wangu akacheka, akaendelea kunyoa. Jioni mama alipoyaona, hakucheka. Aliyajua macho yale.

Kaka yetu mkubwa, fundi rangi, alikufa nayo. Ila kwa kaka, mama hakuuita ugonjwa, aliuita pombe. Kaka alikuwa anarudi akipepesuka, ulimi mzito, viganja vyekundu, tumbo limejaa, mdomo una harufu ya ajabu. "Mama, sijagusa," alisema kila mara. Mama akatia pamba masikioni, akamfungia mlango. Kaka akahamia stoo ya kazini, akilala katikati ya makopo ya rangi, mpaka siku alipotapika damu akatutoka. Msibani mama aliwaambia watu kwa kinywa chake kwamba pombe imemmalizia mtoto. Mimi, niliyekuwa nampelekea uji huko stoo, nilitoka nje nisije nikamjibu mzazi vibaya mbele za wageni.

Basi hospitali tulikwenda sote watatu. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliagiza damu ipimwe, kisha akaanza maswali.

"Mkojo ukoje?"

"Kama chai ya rangi," mdogo wangu akajibu.

"Na choo?"

"Kimepauka, kama udongo." Aliona haya, maana mama yupo.

"Unawashwa?"

"Mwili mzima, daktari. Nikijikuna, wateja wanadhani nina chawa."

Tukacheka kidogo. Daktari akauliza kuhusu pombe, mama akadakia.

"Huyu? Hata kunusa hajawahi. Mlevi alikuwa yule mwingine, Mungu amrehemu."

Daktari akaacha kuandika. "Yupi mwingine, mama?"

Mama akasimulia yote, tena kwa uhakika, kama shahidi mbele ya hakimu.

"Mchana alikuwa akilala, usiku yuko macho?"

"Ndiyo."

"Akichanganya maneno? Mikono ikitetemeka?"

"Si ndiyo nakwambia, pombe!"

"Kuna aliyewahi kumwona akinywa?"

Mama akanigeukia mimi.

"Hakuna," nikasema. Nilisema kwa hasira, na sikujuta.

Majibu yalipokuja, ilikuwa homa ya ini, aina ya B. Daktari akaeleza polepole. Kirusi chake mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na mwenyewe asijue kitu. Kinakaa kimya miaka mingi kikilila ini. Ini likishindwa kazi, sumu inapanda kichwani, mtu anapepesuka kama mlevi, hata pumzi inabadilika harufu.

"Si kosa lako, mama," alisema. "Wewe na binti yako mtapimwa leo. Huyu kijana ini lake limeumia, lakini tumewahi. Dawa zipo."

"Na yule," mama akauliza, "naye angewahiwa?"

Daktari akaweka karatasi ya majibu mezani. "Sikumpima, mama, siwezi kuapa. Lakini huenda."

Mama hakulia. Afadhali angelia. Miaka yote nilikuwa nangoja siku ya kumwambia, na siku imefika, roho inaniuma, hasira yangu sioni pa kuipeleka.

Kwenye dirisha la dawa, mfamasia aliuliza mgonjwa ni nani. Mdogo wangu alifungua mdomo, lakini mama alishatangulia, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Ni mwanangu mkubwa," akasema. "Hanywi pombe. Andika hapo, baba. Mwanangu hanywi."

Watu kwenye foleni wakatutazama. Mdogo wangu akapitisha mkono taratibu pembeni ya mama, akapokea dawa.