Damu ya Mama Mkwe

Habari mbaya zilimkuta Benta ufukweni Sori, amepiga magoti, akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu za kuanikia. Binti yake Lynnet alipiga simu na kusema kwamba mumewe, Chrispine, alikuwa ameanguka kutoka juu ya kanisa walilokuwa wakiliezeka karibu na Oyugis. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na kutoboa nyama, naye alikuwa amelazwa Homa Bay. Damu ilikuwa imemtoka nyingi. Daktari alitaka kumpasua, lakini hakuthubutu kumgusa kabla ya kupata mifuko miwili ya damu.

"Ndugu zake wako wapi?" Benta aliuliza.

"Wako hapa, mama. Wamejaa."

"Basi shida iko wapi?"

"Wanajadiliana."

Neno hilo ndilo lililomwasha Benta. Alimwachia jirani omena zake, akajifunga leso na kuondoka, na safari yote neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki mbuta. Mtu anamwagika, na wanaume wenye ndevu wanajadiliana. Wanajadiliana nini? Kwani damu ni shamba la urithi?

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu ambao kila mtu wa pande zile aliujua. Jamaa wa mgonjwa akipewa mfuko wa damu kutoka kwenye friji, sharti ukoo wake uujaze mwingine mahali pake. Na friji ikikaribia kubaki tupu, kama ilivyokuwa siku hiyo, hautoki mfuko hata mmoja mpaka kwanza mtu aketi kwenye kiti cha maabara na kunyoosha mkono. Benta hakuona ubaya wa sheria hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa mchangiaji wa siku nyingi. Kila gari la damu lilipofika Sori alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanga foleni, na wenzake sokoni walimtania kwamba ana damu ya kuuza kwa kopo kama omena.

Alipofika wodi ya wanaume alisimama mlangoni, asiingie. Kutoka pale aliiona miguu ya kitanda na mkono wa Lynnet uliokuwa ukipepea kwa kipande cha katoni. Paja la Chrispine lilikuwa wazi, na Benta aligeuza uso mara moja. Yeye alikuwa maro, mama wa mke, na kwa Waluo maro na mume wa binti yake huheshimiana kwa mbali. Hakai kitandani kwake, wala hamtazami akiwa hajavaa. Tangu Chrispine amwoe Lynnet, Benta hakuwahi kumkaribia hata kumgusa bega. Basi alimsalimu akiutazama ukuta.

"Mkwe wangu, ni mimi. Nimekuja."

Kilichomjibu kilikuwa sauti nyembamba isiyo na maneno. Lynnet alitoka mbio, mtoto mchanga mgongoni, macho mekundu.

"Mimi wamenikataa, mama. Wanasema nanyonyesha."

"Wamefanya vizuri. Rudi ukampepee mumeo. Wale wajadili wako wapi?"

Walikuwa nje, wameketi kwenye benchi ndefu ya saruji kando ya ukuta. Katikati yao alikuwa Zadock, kaka mkubwa wa Chrispine, mtu wa kifua kipana aliyefiwa na mkewe, anayenunua ng'ombe mnada wa Ogwedhi na kuwauza Oyugis. Tangu baba yao afariki, Zadock ndiye aliyesema kwa niaba ya boma, na akisema alipenda kuigonga ardhi kwa fimbo yake. Aliinuka kwa adabu.

"Maro, karibu. Umefika salama?"

"Nimefika. Nani ametoa?"

"Ametoa nini?"

"Zadock, mimi sikuacha samaki wangu juani ili nije tuulizane vitendawili."

Zadock alikohoa. "Tunangoja wenzetu kutoka Ogwedhi. Wakifika tutakaa, tutaelewana."

"Wanaleta nini? Ng'ombe wa kumtia kwenye mshipa?"

Kijana mmoja pembeni alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya. Huyo alikuwa Ogada, mwana wa baba yao mdogo.

"Basi ngojeni," Benta alisema. "Mimi naingia maabara. Mkono wangu unaijua njia."

Hapo Zadock alinyoosha fimbo mbele yake, si kwa kumtisha, bali kama mtu anayemzuia ndama asiingie shambani. Kitendo hicho kilimkera Benta kuliko tusi.

"Hapana, maro. Hilo ndilo haliwezekani. Damu yako ikiingia kwa Chrispine, atakuwa mwanao. Akiwa mwanao, Lynnet ni nani kwake? Ni dada yake. Na mtu akirudi nyumbani kulala na dada yake, unajua kinachofuata. Chira, laana ya mwiko. Watoto watakonda mmoja mmoja huku tukiwatazama. Unataka kuwazika wajukuu zako?"

Wanaume wote walitikisa vichwa. Maneno hayo yalikuwa yamepangwa vizuri kama magunia ghalani. Ilionekana wazi kwamba ndiyo waliyokuwa wakiyapanga tangu asubuhi.

Benta aliyatazama mapaja yao manene yaliyojaa kwenye suruali, na mishipa iliyotuna mikononi mwao.

"Haya," alisema polepole. "Mimi ni mwiko. Na ninyi je? Ninyi mmetoka ukoo mmoja naye. Damu yenu ni yake tangu tumboni. Ninyi mmekatazwa na nani?"

"Mimi sijala tangu jana, maro," Ogada alisema. "Wanasema mtu asipokula ataanguka."

"Futa kwanza mafuta ya chapati kidevuni, ndipo uniambie hivyo."

Ogada alipangusa kidevu. Mwingine alikumbuka kwamba pikipiki yake ilikuwa juani na kiti chake kingepasuka, akaondoka. Wa tatu aliondoka ili amsaidie kuisogeza. Zadock aliitazama ncha ya fimbo yake.

"Usinifundishe mila, Zadock," Benta alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo watu wa Sori walilijua kuwa baya zaidi. "Mimi nimesimama pale mlangoni. Mtoto wangu analia ndani, nami sikuvuka kizingiti, kwa sababu mkwe wangu yuko wazi na mila inanikataza. Mila ninaishika mimi, kwa miguu yangu. Wewe unaishika kwa mdomo. Niambie, wazee walisema wapi kwamba mkwe afe ili mama mkwe aheshimike?"

Kabla Zadock hajajibu, mlango wa maabara ulifunguliwa na mtaalamu akachungulia. Jina lake lilikuwa Motari, kijana Mkisii mwenye koti jeupe na uso wa mtu asiyelala vya kutosha.

"Watu wa Chrispine? Daktari anauliza tena. Mko tayari?"

"Daktari," Zadock alisema haraka, "huyu ni mama mkwe wake. Mwambie kwamba damu yake haiwezi kumwingia."

Motari alishangaa. "Kwani nani amesema itamwingia? Damu ya leo haimwingii mtu leo. Inapelekwa kupimwa kwanza. Chrispine atapewa ile iliyokwisha kupimwa, iliyoko kwenye friji. Ninyi mnajaza pengo tu."

"Hiyo ya kwenye friji ni ya nani?"

"Sijui, mzee. Hata aliyeitoa hajui imekwenda kwa nani. Pengine ni ya mwanafunzi wa Rongo, pengine ni ya askari."

Magunia ya Zadock yote yalianguka kwa pigo moja. Benta alitarajia kumwona akifurahi, maana mwiko ulikuwa umeondoka na watoto walikuwa wamepona chira. Lakini Zadock hakufurahi. Alionekana kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, na mlango umeng'olewa.

"Kwa hiyo ni rahisi," Motari aliendelea. "Tunakuchoma kidole, tunaangalia kama damu inatosha na kama huna maradhi yanayozuia. Ukipita, unatoa. Majibu ni siri yako."

Aliposema neno hilo, majibu, fimbo ya Zadock iliteleza kidogo kwenye saruji. Benta aliiona. Aliingia maabara, akachomwa kidole, akapita, akaketi kwenye kiti na kuutazama mfuko ukijaa damu nyeusi yenye joto, huku hasira ikimpiga masikioni hata Motari akamwomba apumue taratibu.

"Mama, moyo unakwenda mbio."

"Acha uende. Mfuko utajaa upesi."

Motari alitabasamu, halafu akaacha kutabasamu. "Nitatoa mmoja sasa hivi. Lakini daktari hawezi kuanza na mmoja. Sina namna. Nikitoa wa pili bila kujaziwa, mama mwenye uzazi mgumu akiletwa hapa nitampa nini?"

Benta aliinuka, hasira imeongezeka. Alitoka akiwa na pamba iliyobandikwa mkononi. Benchini alibaki Zadock peke yake. Ogada alikuwa amejitenga hadi langoni, akiitazama barabara.

Benta hakuketi. Alisimama mbele ya Zadock hata kivuli chake kikamfunika.

"Mke wako alikufa na nini, Zadock?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza waziwazi. Zadock aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutafuta maneno makubwa.

"Kifua," alisema. "Tulisema ni kifua."

"Na wewe hukupimwa."

"Maro, mimi ndiye ninayesema pale bomani. Nikiingia mle na kutoka bila pamba, kila mtu atajua. Ogada atajua. Kufikia jioni soko zima la Oyugis litajua."

"Kwa hiyo ndugu yako afe ili soko lisijue."

"Sikusema hivyo."

"Umesema tangu asubuhi, kwa fimbo." Benta alitamani kumnyang'anya ile fimbo na kuivunja gotini. "Ulinitaja mimi. Uliwataja wajukuu zangu na kifo chao, mbele ya watu, ili ufiche kidole kisichomwe. Mficha maradhi..." Hakumalizia. Methali hiyo kila mtu anaujua mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa ukipepewa kwa katoni mle ndani.

Zadock alipangusa uso kwa kiganja. "Nimekukosea. Mtu akimkosea maro hutoa mbuzi. Nitakuletea mbuzi Sori, mimi mwenyewe."

"Sitaki mbuzi wako."

"Basi ndama."

"Zadock. Fidia yangu ni kidole chako. Ukipita, Chrispine anapata mfuko. Usipopita, watakuanzishia dawa utembee nazo miaka mingi, na mwingine atatoa. Kwa njia zote mbili mtu anapona. Inayoua ni hii ya kukalia benchi."

Ndani mtoto mchanga alilia, na Lynnet akamwimbia kwa sauti iliyokuwa ikipasuka. Zadock aliinuka, akaiegemeza fimbo ukutani na kuingia maabara mikono mitupu.

Benta alingoja. Hasira yake haikupoa. Ilimzunguka tu kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala.

Zadock alipotoka, Benta alitazama mkono kabla ya uso. Hapakuwa na pamba. Zadock alimsogelea na kusema kwa sauti ambayo hata ukuta haukuisikia.

"Wamenikuta nayo. Wamesema nianze dawa leo."

Benta alifungua kinywa. Maneno makali aliyokuwa ameyanoa tangu Sori yalikuwa bado mdomoni, yote, hayakupungua hata moja. Lakini mtu wa kuyapokea hakuwapo tena. Palikuwa na mgane tu, mwanamume wa makamo, ameshika kidole chake cha shahada kama mtoto.

Kisha Zadock aligeuka kuelekea langoni na sauti yake ya bomani ikarudi.

"Ogada."

"Naam, kaka."

"Ingia ndani utoe damu."

"Lakini kaka, mimi..."

"Umekula chapati. Ingia."

Ogada aliingia. Alipokuwa akipita, macho yake yalianza kwenye mkono wa Benta, yakaiona pamba, kisha yakaanza kuutafuta mkono wa Zadock. Benta alivuta leso yake upesi, akaifunika pamba na mkono wote hadi kwenye vidole, na kusogea mbele ya Zadock kana kwamba anataka kumwuliza jambo. Ogada hakuona cha kulinganisha. Akaingia.

Baadaye kitanda cha Chrispine kilisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, mfuko mwekundu ukining'inia juu yake, na wa pili ukiwa mkononi mwa muuguzi. Sasa alikuwa amefunikwa shuka hadi kidevuni, kwa hiyo Benta angeweza kumtazama bila kuvunja heshima. Alimtazama. Chrispine alimwona, akainua vidole viwili vya mkono ulio huru, kisha akapita.

Benta aliketi benchini. Zadock aliketi upande wa pili, fimbo ikiwa bado imeegemea ukuta, mbali naye.

"Maro," alisema baada ya kitambo, "bado umenikasirikia?"

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Dawa yako inatolewa chumba kipi?"

Zadock alionyesha kwa kichwa mlango uliokuwa mwisho wa baraza, wenye foleni ya watu waliokuwa wakiangalia chini.

"Basi inuka," Benta alisema, naye akainuka. "Nitasimama nawe kwenye foleni. Na usinisemeshe."