Kichwa cha Malkia

"Ni wewe unayesuka watu?"

Peninah alikuwa amekumbatia taulo za wageni wa hoteli hadi kidevuni. Alimtazama msimamizi wake, Mwaura, akaona hatanii.

"Kusuka? Mimi?" Akacheka kicheko cha uongo. "Boss, hata hiki kichwa changu kimenishinda."

Mwaura akakiangalia hicho kilichomshinda. Mistari ya nywele ilitoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, hakuna hata mmoja uliopinda. "Naona," akasema. "Weka hizo taulo, twende."

Kwisha habari yake. Siku za mwizi ni arobaini, na zake zilikuwa zimetimia hapo mbele ya lifti. Kila Ijumaa, kwenye makazi yao ya wafanyakazi kule Al Wakrah, Peninah alisuka wanawake wenzake, mlango umefungwa na redio inapiga kelele. Na sheria aliijua: aliyekuleta Qatar ndiye unayemfanyia kazi, basi. Majuzi tu jirani yao aliyekuwa akiuza chapati alipandishwa ndege kurudi kwao kabla unga wake haujaisha. Kusema kweli, Peninah aliipenda Doha. Kwao Kakamega, Kenya, alilala na dada zake, kisha na mume, kisha na wakwe. Hapa kwa mara ya kwanza alikuwa na kitanda ambacho hakuna mtu anayemwambia asogee. Hakutaka kukiacha.

Mwaura hakumpeleka ofisini. Alimpeleka ukumbi mkubwa, ambako taa nyekundu za karatasi zilikuwa zikitundikwa. Mwaka huo wa 2016 Doha ilikuwa imeshikwa na homa ya mwaka wa utamaduni wa Uchina, na hoteli nayo ilikuwa na karamu ya mwaka mpya wao, jioni hiyo hiyo, yenye igizo la malkia na wake wadogo wa mfalme. Mama mmoja Mchina, Madam Fang, mmiliki wa mavazi yote ya igizo, alikuwa amekaa sakafuni karibu alie. Mbele yake palikuwa na nywele za bandia za malkia, za kuzungushwa kwenye upau unaokaa juu ya kichwa kama mabawa mawili. Kiyoyozi cha stoo kilikuwa kimezivujia usiku kucha, na upande mmoja ulikuwa umeshikana kama sufu ya kondoo aliyenyeshewa.

"Fundi wake wa nywele anaumwa tumbo, hawezi kusimama," Mwaura akaeleza. "Nimemwambia tunaye mtu."

"Nani alikwambia tunaye?" Peninah akauliza haraka.

Mwaura akamsogezea zile nywele kwa mguu. Peninah akauona mtego ulivyo. Akizigusa zile nywele, amekiri. Akinyamaza, anarudi kwa taulo zake na jioni analala salama.

"Sijui hizi kazi," akasema.

"Basi tukate," Mwaura akasema, akichukua mkasi mezani. "Hapa palipoharibika tu. Nani ataona?"

Madam Fang akaruka, akamshika mkono. Kwa Kiingereza chake cha kukatikakatika akasema kichwa hiki hakikatwi. Ni cha malkia aliyekuwako kweli, zamani za wafalme wa nasaba ya Qing. Wakiwa safarini na mfalme, alizikata nywele zake mwenyewe. Na kwao, mwanamke alizikata nywele akifiwa tu, mfalme akifa au mama yake mfalme. Wote wawili walikuwa hai.

"Yalaa!" Peninah akajisahau. "Mume yuko hai, mama mkwe yuko hai, na anajinyoa? Kwetu hunyolewi mpaka mtu azikwe! Wakamfanyaje?"

Walimnyang'anya hati zake za cheo, Fang akasema. Mwaka uliofuata akafa. Akazikwa kama mke mdogo, ndani ya kaburi la mke mwingine.

"Na kwa nini alijikata?"

"Hakuna aliyeandika."

Peninah akaguna. Hakuhitaji kuandikiwa. Mwanamke hafiki pale kwa siku moja. Alimhurumia mama wa watu yule, malkia mzima, asiyepewa hata kaburi lake peke yake, na sasa wanataka kumkata tena. Liwalo na liwe!

"Lete hapa," akasema. "Na huo mkasi uweke mbali."

Akaanza kwa vidole, kutoka nchani kwenda juu, kwa sababu anayeanza juu anakaza mafundo. Akaomba mafuta na kichana chenye mkia. Akatenga fungu kwa fungu, akalainisha, akavuta, akazungusha kwenye ule upau wa juu ya kichwa, kushoto na kulia, mpaka mabawa yote mawili yakakaa sawa. Madam Fang akashikilia pini, akipokezana naye bila maneno. Walipomaliza, nywele zilikuwa zinang'aa, na Fang akamkumbatia, akamlowesha bega kwa machozi.

Mwaura alikuwa bado amesimama pale.

"Ofisi ilinituma nimtafute anayesuka watu Al Wakrah," akasema.

Peninah akaficha vidole vyake vya mafuta nyuma ya mgongo.

"Nimetafuta sana," Mwaura akaendelea, akiangalia taa. "Sijampata. Wewe si ni msafishaji wa vyumba?"

"Ndiyo, boss."

"Basi taulo zinakungoja."

Peninah alipanda ngazi zote kwa miguu, lifti aliisahau. Kwenye ghorofa ya nne alikaa juu ya kikapu cha mashuka akacheka peke yake, akafuta machozi kwa taulo ya mgeni, akaitupa kwenye nguo chafu.

Ijumaa mlango ukagongwa. Nafula, mmoja wa wenzake, aliyekaa kwenye stuli na kichwa kilichosukwa nusu, akaruka akakifunika kwa kitambaa. Nywele za kusukia zikasukumwa chini ya kitanda, kichana kikaingia kwenye mto. Peninah akafungua kidogo tu.

Alikuwa Charity, mke wa Mwaura, nesi, amejifunga leso mpaka kwenye nyusi, na mfuko ameubana kwapani.

"Mwaura ameniapia kwamba hapa hasukwi mtu," akasema.

"Hasukwi," Peninah akasema.

"Haya." Charity akavua viatu, akaingia, akaifungua leso. Kichwa kilikuwa kimefumuliwa chote, kimesimama kila upande. Akaongeza sauti ya redio kidogo, akakaa kitandani mwa Peninah.

"Sogea," Nafula akamwambia akirudi kwenye stuli, "mimi niko mbele yako kwenye foleni."