Kivuli cha Barazani kwa Mdogo Wake

Saa tisa alasiri mshona mapazia alitundika pazia la tatu juu ya mengine mawili, na bado kochi la sebuleni lilimuunguza mapaja. Nyumba ile aliijenga kwa jasho lake. Fundi alimwambia madirisha makubwa yasitazame magharibi, jua la alasiri halina mchezo. Akakataa katakata: barabara iko magharibi, na vioo vile alivinunua vionekane. Basi vikaonekana, na jua nalo likaviona.

Ng'ambo ya ua, nyumba ya mdogo wake ilikuwa imelipa jua hilo kisogo. Upenu mpana, kuta za matofali ya matundu, dari juu kabisa, upepo unaingia huku unatokea kule. Hata rangi haina, jamani. Lakini barazani pale, kivulini, ndipo mama yao alipokaa kila siku akichambua mboga na kucheka na yule mdogo. Chumba alichoandaliwa na binti yake mkubwa, huyo mshona mapazia, chenye kitanda kipya, kilikuwa kinaingia mwaka wa pili bila kulaliwa.

"Kwako joto, mwanangu," mama alisema kila alipoalikwa. "Nitakuja pakipoa."

Mshona mapazia aliona wivu. Hakuutafutia jina lingine. Alikuwa anamwonea kijicho ndugu yake wa tumbo moja, na alijua.

Jumatano, mdogo alipompeleka mama zahanati, mshona mapazia alichukua mkasi wake wa kazi, akavuka ua, akapiga magoti barazani. Kivuli kilikuwa kizito kama gunia lililolowa. Alikikata kwa kufuata msingi wa nyumba, akaacha inchi mbili za pindo kama anavyofanya kwa kila mteja, akakikunja mara nne na kukitia begani. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alimfungulia geti.

"Kipana hicho," jirani alisema. "Kikibaki kipande, nikumbuke na kuku wangu."

"Nitakuletea."

Alikipiga cherehani, akakitandaza sebuleni hadi chumbani kwa mama. Joto likatoka. Akatandika kitanda upya, akakaa mlangoni kusubiri.

Mama na mdogo walirudi wameshikana mikono. Baraza lilikuwa jeupe kwa jua. Mdogo alitazama upenu, ukiwa palepale, kisha akatazama ng'ambo.

"Dada amekichukua kivuli."

"Basi alikihitaji," mama akasema.

"Mama, njoo huku," mshona mapazia aliita. "Kwangu pamepoa sasa."

"Nimesikia, mwanangu. Nitakuja."

Mama alivuta kigoda mpaka pale anapokaa siku zote, akajifunika kitambaa kichwani, akapakata sinia la mboga. Mdogo akaketi ubavuni kwake na kufungua mwavuli. Mwavuli haukutoa kivuli, maana cha pale kilikuwa kimekwisha. Wakaucheka mpaka mama akashika mbavu. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, naye akaendelea kuchambua.

Mshona mapazia aliwangoja mpaka saa kumi na moja. Ubaridi wa sebuleni ulizidi, akaenda kutafuta sweta. Alilivaa, akafunga vifungo vyote, akarudi kukaa akiwasikiliza wanavyocheka.