Wake Wanne wa Buibui

Stéphane alikuwa mtu wa kuvaa shati jeupe hata siku ya kwenda kununua samaki, na hilo peke yake lingemtosha Yolande kumjua. Lakini shangazi yake Yolande, Emilienne, hakuchoka kuvuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo kuja kumwambia kwamba ujane si kazi ya kudumu, na kwamba huyu fundi wa injini za mitumbwi ana mwili, ana mdomo, ana jina. Mwili alikuwa nao kweli. Mdomo ndio ulizidi.

Yolande aliuza vitenge sokoni Kashikishi, upande wa Zambia, akanunua chisense, wale dagaa wanaoanikwa ufukweni mpaka mji mzima unanuka, akawapeleka ng'ambo ya Kongo. Katika ua wa nyumba aliyopanga, kati ya mpera na bafu la matete, buibui mmoja mkubwa alikuwa ametanda utando wenye nyuzi za manjano, imara kama uzi wa kushonea. Yolande hakumgusa. Buibui alikula nzi, na nyumba ya mfanyabiashara wa samaki haikosi nzi.

Jumapili moja baada ya ibada, Stéphane alisimama mbele ya utando ule, mikono kiunoni.

"Yolande, kuya uone! Ule mukubwa njo bwana. Bale badogo beko bibi zake. Bane!"

Kweli, pembezoni mwa utando palikuwa na vibuibui vinne vyekundu, kila kimoja kama punje ya ulezi, wala havikuthubutu kusogea katikati.

"Nani alikuambia?" Yolande akauliza.

"Si inaonekana? Mukubwa anakaa katikati, hatumiki kazi. Badogo banangojea amri. Mungu alipanga vile, mupenzi." Akakohoa kidogo, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akipaendea tangu mwanzo. "Basi hata miye, kama kuko bibi ingine kule Pweto, haina kitu ya kuogopesha."

Hivyo ndivyo Yolande alivyoarifiwa kwamba mchumba wake ana mke: kupitia buibui. Hakupiga kelele. Alimtazama shingo, nene na iliyopakwa poda, akajiuliza ni wapi kichwa kiliishia na shingo ikaanzia.

Jioni alimsimulia jirani yake Florence, Mzambia aliyemwita kila mtu 'ba' kwa heshima na kufundisha baiolojia shule ya sekondari. Florence alicheka mpaka akaweka chini ndoo ya maji.

"Awe, hapana, ba Yolande! Yule mkubwa ni jike. Wale wadogo ndio waume, wamekuja kumposa. Wanapigana wao kwa wao, wanang'oana miguu, halafu kila mmoja anangoja jike akamate chakula. Akiwa anakula, ndipo mmoja anateleza polepole na kumpanda."

"Na asipokuwa anakula?"

"Basi mume mwenyewe ndiye chakula. Wadogo kabisa, jike haoni hata haja ya kuwakamata. Wenye miili mikubwa kidogo ndio hawaponi."

Yolande angeweza kumkatia Stéphane neno siku ile ile. Aliacha kwa makusudi. Mjomba wake, Jean-Claude, alikuwa anakuja Jumamosi kusikiliza posa, naye Yolande alitaka mzee yule ayasikie maneno haya yakitoka kwenye mdomo wenyewe.

Jumamosi Stéphane alikuja na kreti ya soda na mbuzi, akamfunga mbuzi kwenye mpera. Wakala bukari, ugali wa kwao, na samaki. Mjomba Jean-Claude, mtu wa maneno machache, alikuwa bado anatoa miiba mdomoni Stéphane aliposimama kuhutubia. Alisema juu ya heshima, juu ya mwanaume kuwa nguzo. Kisha akamshika mzee mkono, akampeleka kwenye utando. Florence, aliyealikwa kama jirani, akafuata nyuma na soda yake.

Panzi alikuwa amenasa. Buibui mkubwa alikuwa amemkumbatia akimfyonza. Kibuibui kimoja kilishuka kikigusagusa nyuzi, kikapanda tumboni mwake.

"Angalia, Papa," Stéphane akasema kwa sauti ya mhubiri. "Bibi anakuya kutumikia bwana yake."

"Ba Stéphane," Florence akasema, "anayekula pale ni jike. Huyo mdogo ndiye mume, na sasa hivi anafanya kazi ya mume."

"Madame, hii ni mambo ya banaume."

"Ndiyo," Florence akajibu. "Ndiyo hayo anayoyafanya."

Hapo hapo kibuibui cha pili, kilichozidi wenzake mwili, kilikuja mbio kumfukuza yule wa kwanza. Kikamfukuza kweli. Lakini panzi alikuwa amekwisha. Jike akageuka, akakidaka hicho cha pili, akaanza kukizungushia nyuzi bila haraka, kama mama anayefunga mzigo wa soko.

Mjomba Jean-Claude akatoa mwiba wa mwisho mdomoni.

"Na huyu," akauliza, "alikuwa bibi ya ngapi?"

Yolande hakuwahi kuona uso wa mtu mzima ukivimba vile. Stéphane alinyakua ufagio ulioegemezwa kwenye bafu, akaupiga utando. Buibui akapanda majanini salama. Nyuzi zikaanguka zote juu ya shati jeupe, zikamnata ndevuni, na kadiri alivyozifuta ndivyo alivyojipaka. Alikuwa anarukaruka na kutukana, mwanaume mzima, mbele ya mzee aliyetarajiwa kumpa binti.

"Stéphane," Yolande akasema, "fungua mbuzi yako."

Akamfungua. Njia ya kwenda bandarini ilipita katikati ya soko, na hakuna mwanamke aliyeacha kumuuliza anampeleka wapi mbuzi.

Shangazi Emilienne alipiga simu kesho yake akiwa moto. "Unafukuza mwanaume juu ya mududu?"

"Hapana, shangazi. Mududu hakusema kitu."

Baadaye ilisikika kwamba Stéphane yuko Puta, anawaambia wavuvi kwamba kuna mjane Kashikishi anayefuga buibui wa uchawi. Hilo Yolande hakulijali. Kilichomkera ni kingine: kwamba aliwahi kuchagua kitenge kizuri kuliko vyote dukani mwake na kukipeleka kwa fundi cherehani kwa ajili ya mtu yule. Miezi mizima alimpikia, akimsikiliza, akijiambia kwamba pengine akili yake iko ndani zaidi. Jumatatu alikwenda kwa fundi huyo, akalikuta gauni limekwisha kushonwa. Akalivaa pale pale, akashuka ufukweni kugombana na wauza chisense juu ya mchanga waliouchanganya na samaki.