Salamu Nzuri Zilizokwenda Kigoma

Niseme kweli tangu mwanzo: mchezo wa vinyoya mimi sikuupenda. Mwalimu Hubert alipouleta shuleni kwetu Minago, na raketi zake nne na wavu aliokatiwa na wavuvi kwenye nyavu kuukuu za ndagala, yaani dagaa wetu, nilimuuliza mbele ya watu kama walimu sasa wamekosa kazi mpaka wanapigana na manyoya ya bata. Alicheka tu. Na binti yangu Chanceline, mtoto wangu wa pekee, ambaye nilimtaka anisaidie kukamua mawese, akaanza kurudi nyumbani jioni na vumbi mpaka ndani ya masikio. Nilimgombeza mpaka nikachoka mwenyewe. Marehemu baba yake, Cirhuza, alikuwa hivyohivyo: ukimgombeza anakusikiliza kwa adabu, halafu anaendelea na yake.

Vita ilikuwa na miaka minane na yeye ana kumi na tisa alipochaguliwa. Yaliandaliwa mashindano ya kimataifa ya nchi zinazozunguka ziwa letu, yaani Burundi, Congo, Tanzania na Zambia, na wote wangekutana Kigoma. Chanceline aliandikwa kwenye wanawake wa mmoja mmoja. Hubert akaja kunieleza utaratibu. Waandalizi watalisha na kulaza wale tu ambao bado wako mchezoni. Anayefungwa, kesho yake asubuhi anapanda boti kurudi Rumonge. Karatasi ya safari ni moja kwa kundi zima na ataishika yeye Hubert; anayerudi mapema anapewa nakala na yeye. Mechi ya kwanza ni Jumanne. Nikamwambia vizuri, basi Jumatano nitakuwa na mtoto wangu nyumbani. Hubert alikasirika kidogo, lakini mimi ndivyo nilivyoona.

Waliondoka Jumamosi. Jumatatu alfajiri risasi zikalia Minago. Msiniulize nani alianza, maana mtu anayekimbia hana nafasi ya kuuliza. Nilitoka na kitenge kimoja na sufuria isiyo na mfuniko, sijui kwa nini nilichukua sufuria, nikapita katikati ya michikichi pamoja na wengine mpaka Rumonge mjini. Njiani jirani aliyetoka nyuma yangu akaniambia nyumba yangu imeungua yote. Sikulia. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba Chanceline yuko ng'ambo ya maji, hayuko mahali pale.

Nilifikia kwa Mwanahamisi, ambaye ananunua mawese kwangu miaka mingi na tumekuwa ndugu. Mume wake, Amissi, ni mchuuzi wa samaki, na kwenye depo yake alikuwa na fonii, ile redio ya kuongelea: unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza mwenzako. Kila siku saa kumi na moja za jioni aliongea na mwenzake wa biashara aliyeko bandarini Kigoma, waulizane bei. Wiki ile Hubert naye alikuwa anafika kwa mwenzake huyo kutupa habari za mchezo. Simu ya posta ilikuwa imekatika zamani.

Jumanne nikamuomba Amissi asiseme neno juu ya Minago. Nilimjua mtoto wangu. Akisikia tu, atatupa raketi na kuja, na akishuka kwenye boti atashika njia ya Minago kunitafuta, na njia ile ilikuwa na watu wenye bunduki. Nikamwambia aseme mama anamsalimu, yuko mzima, kila kitu kiko sawa. Amissi akaniuliza mbona nisiseme mwenyewe. Nikakataa. Mimi nikidanganya sauti yangu inatetemeka, kila mtu anajua. Basi akasema yeye, vizuri kabisa, kama mtu anayetangaza bei ya samaki mukeke.

Halafu Hubert akatoa habari yake. Chanceline amemfunga Mzambia, kumi na moja kwa nne, kumi na moja kwa sita.

Nilikaa chini pale pale juu ya gunia la ndagala. Ahueni niliyoipata siwezi kuieleza. Maana yake kesho hapandi boti. Kesho analala Kigoma, anakula chakula cha watu, hakuna anayempigia risasi. Mtoto niliyetabiri atafungwa siku ya kwanza alikuwa amejinunulia siku nyingine ya uhai, na hata hajui.

Kuanzia hapo nikawa fundi wa vinyoya. Nilijua kwamba wanawake wanacheza mpaka kumi na moja, kwamba ukishinda seti mbili umemaliza, kwamba aliyebaki na nafasi ya kuanzisha ndiye anayehesabu. Mwanahamisi alinicheka. Alisema kumbe manyoya ya bata yana utamu wake. Nikamwambia anyamaze aswali. Akaswali, na mimi nikashika rozari yangu, na wote wawili tukamuomba Mungu mmoja kwamba binti mmoja wa Kigoma, ambaye hakutukosea kitu, afungwe siku ya Jumatano.

Na alifungwa. Zilikuwa seti tatu, uwanja mzima ukiimba jina la yule mwenyeji, na Chanceline akashinda ya mwisho kumi na moja kwa tisa. Nusu fainali. Jioni ile ndipo nilipokula kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, bukari, ugali wetu, sahani nzima. Amissi akatuma tena salamu zangu: mama yake yuko mzima, kila kitu kiko sawa.

Alhamisi fonii ilikohoa kwanza, sauti ikaja na kupotea. Halafu Hubert akasema Chanceline amefungwa na msichana wa Kalemie, upande wa Congo. Kumi na moja kwa sifuri. Kumi na moja kwa moja. Amissi akamtumia salamu zangu za kumpa pole, zilezile: mama mzima, kila kitu sawa. Na fonii ikakatika kabla Hubert hajaongeza neno.

Nilimchukia yule msichana wa Kalemie, Mungu anisamehe. Siku ileile lori mbili zilikuwa zimechomwa kwenye njia ya Minago. Na mtoto wangu anakuja kesho.

Ijumaa nilifika bandarini mapema, nimshike mkono kabla hajauliza njia. Boti ilitia nanga saa nane. Wakashuka wamama na chumvi yao na sabuni yao, akashuka mzee na kinga yake, ile baiskeli, begani, wakashusha mizigo. Chanceline hakushuka. Nikamuuliza nahodha, akasema hakubeba binti yeyote mwenye raketi. Nilianza kuwaza yote ambayo mama anawaza, na msinitake niyataje. Mwanahamisi ndiye aliyenitoa pale, ananivuta kama mbuzi, mpaka depo.

Saa kumi na moja Amissi akabonyeza. Kabla hata hajasalimia, sauti ya Hubert ikaingia, nzito.

"Amissi, tuambie kweli. Mama yake mulimuzika lini?"

Depo nzima ikanigeukia. Mwanahamisi akashika kichwa.

"Yesu wangu," nikasema. Sikuhitaji mtu anieleze. Kwetu mtu akiwa safarini na kwao kumetokea msiba, haambiwi. Unamtumia neno kwamba wote wazima, wanakusalimu, kila kitu kiko sawa, na yeye atajua akifika na kukuta watu wameketi uani. Pwani yote hii tunafanya hivyo. Mimi mwenyewe nimewafanyia watu. Na sasa nilikuwa nimetuma salamu hizohizo mara tatu, kwa mdomo wa mtu mwingine, kutoka Rumonge ambako sikai, wiki ambayo Minago iliungua. Hubert akatueleza kwamba Jumatano jioni mtumbwi wa watu wa kwetu ulifika Kigoma, wakasema mtaa wetu wa karibu na shule umekwisha kwa moto. Chanceline akajumlisha. Hubert naye akajumlisha, akaogopa kuuliza.

Akaendelea kusema, na kila neno lilinitoa jasho. Alhamisi mtoto alisimama uwanjani kama nguzo. Baada ya mechi alitaka boti ya kwanza. Lakini, akasema Hubert, katika mchezo huu hakuna mechi ya kutafuta wa tatu. Wawili wanaofungwa nusu fainali wote wawili wanapata medali ya shaba, na Jumapili lazima wasimame pamoja wavishwe, na mpaka siku hiyo waandalizi wanawalisha. Kwa hiyo alimnyima karatasi ya safari. Tangu jana hajala. Amekaa nje ya mlango wa depo ya kule Kigoma, amejifunika kichwa.

Nilimbariki mtu aliyetunga sheria hiyo, popote alipo, na ukoo wake. Nikamnyang'anya Amissi kile kidude cha kusemea na kumwambia Hubert amlete.

"Chanceline, ni mimi mama yako. Niko mzima. Kila kitu iko..."

Nikasikia kilio. Halafu akasema, kwa heshima kabisa: "Mama Mwanahamisi, murakoze, asante sana. Lakini musinifanyie hivyo."

Kwenye fonii sisi wote tunasikika kama tunaongea ndani ya debe. Nikamwambia mimi siyo Mwanahamisi, mimi ni mama yako niliyekuzaa. Akaniomba nimwambie tu amezikwa wapi. Nikamtajia jina la baba yake, tarehe aliyozaliwa, kila kitu. Akalia zaidi. Kila jambo zuri nililosema lilimuumiza, maana ndivyo watu wanavyofariji. Amissi akaninong'oneza nimtulize, nimwambie nyumbani kuko salama.

Hapo hasira ikanipanda. Tangu Jumanne nilikuwa nimefuata hekima ya kutuliza, na hekima yenyewe ilikuwa imemuua mama ya mtu.

"Sikiliza wewe mutoto," nikasema. "Nyumba imeungua."

Amissi akanyoosha mkono anizuie, nikampiga kofi vidoleni.

"Imeungua yote. Mabati yamejikunja. Mbuzi wamebebwa wote wawili, na yule mwenye mimba. Bidoni zangu saba za mawese sijui kama zimemwagika au zimeibiwa. Kitanda chako hakuna. Madaftari yako hakuna, na sketi ya shule niliyokopa kitambaa chake bado sijalipa. Mimi niliokoa sufuria moja, na mfuniko nikausahau. Nalala kwa Mwanahamisi kwenye mkeka, na mume wake anakoroma. Unanisikia? À vous, sema wewe."

Niliachia. Fonii ikavuma. Halafu nikamsikia anavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyekuwa chini ya maji.

"Mbuzi wote wawili?"

"Wote."

"Na bidoni zote saba?"

"Zote, nimekwambia. Unataka nizihesabu tena?"

"Mwalimu, ni mama," akapiga kelele kule, na alikuwa anacheka, mtoto yule, anacheka na kulia juu ya mbuzi wangu. "Ni yeye. Iko hai."

Na mimi nikalia, sasa ndiyo nikalia, mbele ya wachuuzi wote wa Amissi, na sikuona aibu. Mwanahamisi akanikumbatia kutoka nyuma, machozi yake yakanilowesha shingo. Amissi alijifanya anakagua betri.

Chanceline alipoweza kusema, alisema polepole, akiwa na haya. "Mama, yule wa Kalemie hakunifunga. Nilimuachia. Nilipiga nje makusudi, ili nipate boti."

Ningeweza kumgombeza. Siku nyingine yoyote ningemgombeza mpaka betri iishe. Lakini nilimwona peke yake kwenye uwanja ule, mbele ya watu wote wale, anapiga nje kinyoya kimoja baada ya kingine, ili aje kunizika.

"Na mimi nilikuwa naomba ushinde," nikamwambia. "Kila siku. Siyo kwa ajili ya medali. Nilitaka usirudi huku."

Kisha akaniuliza akirudi tutalala wapi. Midomo yangu ilianza yenyewe kusema usijali, tutapata, mambo yatakuwa sawa. Nikaizuia.

"Sijui," nikasema. "Kweli kabisa, sijui."

"Sawa, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia. Kabla hawajazima, nikamsikia anamwambia Hubert kwamba ana njaa.