Makalio ya Ndama wa Ken

Mume wangu Muchiri hana makalio. Nasema hivyo kwa upendo. Suruali zake hushikiliwa na mikanda ya mabegani, na akikalia kiti cha mbao atalalamika mpaka chai ipoe. Mtu wa namna hii ndiye aliyeona kwenye simu mafahali wa Ubelgiji, wale wanaoitwa Belgian Blue, waliojaa nyama nyuma kama mikate iliyofura, akapagawa.

Nyawira wetu alipochumbiwa na Ken, kijana wa Kileleshwa anayefanya kazi benki mjini, Muchiri aliwatajia wazee wa kina Ken mbuzi wa mahari wa desturi, kisha akaongeza lake: "Na ndama wa hiyo mbegu. Bila makalio, hakuna arusi." Nilimfinya chini ya meza. Hakusikia kitu, vidole vyangu havikupata nyama.

Ken akanunua mbegu, akamwita daktari wa mifugo ampandishe ng'ombe wa mama yake, friziani mpole. Binti yangu akaibeba mimba ya yule ng'ombe kuliko ng'ombe mwenyewe. Kila jioni simu: amekula? Amelala?

Siku ya ruracio, ya kuleta mahari, wakafika kwetu Dagoretti na pikapu. Ndama alikuwa amefunikwa leso, kama tunavyowafunika mabinti bwana arusi anapotakiwa kumtambua wake. Mbele alikuwa ndama tu. Nyuma, mlima. Muchiri alipiga makofi, akaivuta leso kwa mkono wake mwenyewe, na mito miwili ya sofa ikaanguka kwenye matope.

Ndama akaanza kutafuna pindo la leso.

"Mnanichezea!" Muchiri alifoka. "Rudini na hako kandama kenu!"

Nyawira aliangua kilio, na mimi roho ikaniuma. Siku hiyo bwana arusi hutakiwa kunyamaza awaachie wazee wasemaji, lakini Ken alishindwa.

"Mzee, pole, hizo mito ni uoga tu. Lakini huyu ni wa hiyo mbegu, naapa. Kila ng'ombe ako na jeni inaambia misuli, 'Imetosha, wacha kukua.' Kwa hao wa Ubelgiji imeharibika, so misuli inaendelea tu. Lakini lazima iharibike kwa baba na kwa mama. Mama ya huyu ni friziani, yake iko sawa. Amepata nusu, ile ya baba pekee, na hiyo haitoshi."

"Mimi niliitisha ndama wa baba yake!" Muchiri akasema. "Mambo ya mama yake yananihusu nini?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Baba Nyawira, simama. Geuka."

Akageuka, kwa mazoea. Wageni wakaiona suruali inavyoning'inia kama iko kwenye kamba ya nguo.

"Nyawira, mama, geuka na wewe." Akageuka, na machozi yake, na kila alichorithi kwangu. "Sasa niambie, Baba Nyawira. Huyu angechukua kwako peke yako, leo ungekuwa na wageni hapa?"

Mzee Wachira, msemaji wao, alicheka mpaka akashika ukuta. Nyawira naye akacheka, kamasi na yote. Muchiri alivuta mikanda yake, akamtazama ndama, kisha akanitazama mimi, nyuma hasa, kuliko adabu inavyoruhusu mbele ya wageni.

"Mfungeni huko nyuma ya nyumba," akasema. "Arusi iko."

Ken akainama kuiokota mito.

"Hiyo wacha," Muchiri akamwambia. Akapangusa mmoja matope, akauweka juu ya kiti chake cha mbao, akakaa. Siku hiyo hakulalamika hata mara moja.