Mteremko Uliofagiliwa

Kaka yangu alifyatua matofali tangu ujana wake, na udongo aliutoa papo hapo nyuma ya nyumba. Nyumba nyingi za mtaa wetu zimetoka kwenye mteremko ule. Miti iliishia kwenye tanuru, udongo ukawa kuta za watu, na yeye akabakiwa na ardhi nyekundu kama kidonda kilichobanduliwa kigaga. Kila mvua iliponyesha, korongo lilisogea kuelekea jiko la wifi yangu.

Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali alikuja akaliona.

"Baba, hameni. Chumba chenu kwangu kipo tayari."

"Niachie msimu huu mmoja," kaka akamwambia. "Nikishindwa, nitapanda gari bila kuvutwa."

Bwana shamba alikuwa amemwonyesha kwamba vile visiki havijafa, mizizi ingali hai chini. Unachagua chipukizi lenye nguvu, unakata mengine, na majani makavu unayaacha yalale pale pale yafunike udongo. Basi kaka akapanga mawe kukingama mteremko, maji yakija yatembee yasikimbie. Machipukizi yakatoka. Yalipomfika magotini, kaka alianza kuimba akioga, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia tangu goti lake lianze kumsumbua.

Wifi yangu hakuelewa furaha ile. Yule mwanamke ni msafi kupita kiasi. Uwanjani kwake sindano ikianguka unaiona ukiwa mlangoni. Aliwahi kumfagia mgeni miguuni akiwa bado anakunywa chai.

"Wifi," aliniambia siku moja, "kaka yako zamani alikuwa akinichimbia mashimo. Sasa ananifugia takataka. Mwanamume gani huyu asiyejua kutulia?"

"Si ulimpenda mwenyewe? Sisi tulikuonya."

"Mlinionya! Mlinikabidhi mkakimbia, mkaogopa nisije nikamrudisha."

Tukacheka. Tulikuwa tunacheka sana siku zile.

Habari ikaja kwamba wazazi wa mchumba wa yule kijana wao watafika kuona nyumba ya wakwe wa binti yao. Kaka akaondoka asubuhi ya siku ya wageni kwenda kwa bwana shamba kuchukua mashina ya nyasi za kushika kingo za korongo. Akamwambia mkewe, "Huko nyuma usiguse kitu."

Wifi alisikia vizuri kabisa. Lakini aibu ni kitu kibaya, haina masikio. Akasimama nyuma ya nyumba, akautazama ule msitu mdogo na majani yaliyooza chini yake, akawaza wageni watasema nini. Mawe hakuyagusa, alimheshimu mumewe kwa mawe. Machipukizi akayakata yote kwa panga, majani akayakokota kwa reki, akayachoma. Kisha akafagia. Mteremko mzima, kuanzia juu mpaka chini, akaufagia kama sebule.

Mimi nilifika mchana pamoja na wageni. Mama wa yule binti alizunguka nyuma akapiga makofi. "Mwanangu amepata bahati! Nyumba yenye usafi wa namna hii!" Wifi akainama kwa haya, uso unang'aa.

Hapo ndipo kaka alipoingia na mzigo wake wa nyasi kichwani. Aliwasalimia wageni mmoja mmoja, akawauliza habari za safari, kisha akaenda nyuma. Alikaa huko kitambo. Aliporudi bila mzigo alinawa mikono, akaketi, akamsifia mgeni wake shati. Hakumtazama mkewe.

Mvua haikungoja wageni waage. Ilikuja kubwa, ya mchana kweupe, na ule udongo mtupu haukuwa na cha kushikilia. Maji yalishuka kwa kasi, yakayang'oa mawe, yakayaviringisha. Tulitoka wote, na baba wa binti amekunja suruali, tukawa tunachimba mfereji wa kuyageuza. Tulipopumzika, kona ya jiko ilikuwa inaning'inia hewani, na sufuria zimekwenda na maji.

Gari la kijana lilikuja wiki ile ile. Kaka alipanda bila kuvutwa, kama alivyoahidi. Wifi alimshika mkono mlangoni mwa gari.

"Nigombeze basi. Hata tusi moja. Mbona hunigombezi?"

"Nikikugombeza udongo utapanda kilima kurudi? Ingia, mama, usije ukalowa."

Kumbe afadhali angemtukana. Hayo wifi mwenyewe ndiyo aliyoniambia baadaye. Kule kwa mwanawe kaka anamwamkia vizuri, anamvutia kiti, anamwachia blanketi nzito. Bafuni haimbi.

Nyumba ile haikai mtu sasa. Msimu uliofuata nilipita kule kuchukua mabati kama kijana alivyoniomba, nikaenda nyuma. Visiki vimechipua upya vyenyewe. Hakuna wa kukata wala wa kufagia, majani yanaanguka yanalala, na nyasi alizozitupa kaka siku ile zimeota pale zilipoangukia. Korongo limeishia ukutani kwa jiko likasimama. Nilitembea kati ya ile miti ikinifika begani.

Nilipokwenda kuwatembelea, wifi alinipeleka uani, mbali na kaka.

"Umepita nyumbani?"

"Nimepita."

"Kukoje?"

Nilitaka kusema uongo, ulimi ukanigomea. "Kumeota, wifi. Miti imenifika hapa."

Akautazama mkono wangu begani. Akakaa chini, juu ya saruji, yeye ambaye hakai mahali bila kupangusa kwanza.

"Usimwambie," akasema.

"Sawa."

Ndani tulimsikia kaka akikohoa, akiuliza mawifi hao wawili wamemezwa na nini huko uani.

"Hapana, mwambie," akasema, anafuta uso kwa upande wa kanga. "Mwambie, ni haki yake. Ila ningoje kwanza nitoke niende dukani."